Lenzi ya Kutuingiza Sote Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Paspoti saizi kumi na moja kabla ya saa sita. Mwanafunzi mmoja alifumba macho mara nne. Nikafunga studio, nikapanda gari la kijijini Mungaa kwenda kupima nyumba ya Mama.

Kaka Sungi ataibomoa tembe hiyo ya udongo Jumamosi ya tarehe 16. Mabati ya nyumba mpya yameshafika, yako kwa jirani. Mama amekubali kwa sharti moja. Kabla ya kubomoa tupigwe picha humo ndani, yeye na watoto wake sita, kila mtu mahali pake. Picha moja.

Vipimo. Ukuta wa nyuma hadi ukuta tunaouegemea tukila: mita tatu. Mlangoni hadi kizimba cha ndama: mita tano. Lenzi yangu ni moja tu, ya milimita hamsini. Katika chumba kile inaona watu wawili na goti la wa tatu.

Jumanne, 5 Agosti

Nafasi hazibadilishwi. Kwetu mzaliwa wa kwanza hukaa mlangoni, wa mwisho hukaa kando ya ndama, Mama hukaa kwenye mafiga. Mimi ni wa nne, karibu na jiwe la kusagia. Ndivyo tulivyokula miaka yote.

Maana yake Sungi, wa kwanza, yuko mwisho huu na Daudi, wa mwisho, yuko mwisho ule. Hawasemezani. Mwaka wa tatu sasa, tangu Daudi alipouza maksai wa Baba akaenda kuchimba dhahabu Sekenke.

Nilimpigia Mama kwa simu ya jirani. Nikapendekeza wale wawili wasogee katikati.

"Ndiyo," akasema, "na mimi nikalale na ndama."

Nikapendekeza picha mbili, niziunganishe kwenye kompyuta.

"Sikuzaa vipande, Vero."

Akakata simu.

Alhamisi, 7 Agosti

Lenzi pana. Nimeandika tatu.

Ya milimita 12 hadi 24, mpya, iko duka moja Dar es Salaam. Inaingiza chumba chote. Ubaya wake, huvuta watu wa pembeni. Nimeona picha zake: bwana wa pembeni alikuwa na kichwa kama boga. Wa pembeni wangu ni Sungi na Daudi. Sungi akiona kichwa hicho atasema nimetumwa na Daudi.

Jicho la samaki, Arusha. Hupinda kila kitu. Nguzo za tembe zingeonekana kama pembe za ng'ombe. Hapana.

Milimita 20 ya zamani, ya Mzee Idi wa Manyoni, aliyenifundisha kazi kabla hajastaafu. Haipindi, haivuti sana. Mdomo wake unaingia kwenye kamera yangu. Nimeangalia jedwali kwenye kijitabu alichonipa: kwa mita tatu inaona mita tano na sentimita arobaini. Inatosha na inabaki.

Nimechagua ya Mzee Idi. Nilimpigia. Ataifikisha kwa basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Lenzi haijafika. Kondakta anasema alipewa debe la asali tu. Mzee Idi anasema alimpa kondakta mwingine. Nimepiga harusi moja Utemini kwa lenzi ya hamsini, nikirudi nyuma hadi kwenye masufuria.

Kila ndugu amethibitisha kuja. Hata Daudi. Sungi ana likizo hadi Jumapili tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Imefika saa nane mchana, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa pamba. Kioo safi kabisa.

Nikafunga studio, nikapima mita tatu, nikabandika karatasi ukutani kila nusu mita. Nikapiga.

Mita tatu na sentimita sitini. Nikarudia. Ile ile.

Kosa ni langu. Jedwali la Mzee Idi ni la kamera za filamu. Kipande kinachopokea picha ndani ya kamera yangu ya dijitali ni kidogo kuliko filamu, kwa hiyo lenzi ile ile huona pembamba. Nililijua hili. Nilisoma siku niliponunua kamera. Nilipofungua kijitabu cha mwalimu wangu sikulikumbuka.

Kinachokosekana ni mita moja na sentimita arobaini. Mtu mmoja kila upande.

Nimekasirika.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepiga simu Dar. Ile ya 12 imeuzwa. Nyingine baada ya wiki mbili.

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Tulifika wote saa nne. Daudi na Sungi walimwamkia Mama kwa zamu, mmoja alipotoka ndipo mwingine akaingia.

Walipoketi nilisogea hadi mgongo ukagusa ukuta. Nikaangalia. Bega la Sungi tu. Upande wa pili, Daudi hayumo, wala ndama. Nikawaambia ukweli.

Sungi akasema, "Basi atoke aliyezoea kutoka."

Daudi akasema, "Wewe uko mlangoni, kaka. Ni hatua moja tu."

Dada zangu wakatazama chini. Mama akaniuliza kamera yangu inataka nini.

"Kurudi nyuma, Mama. Kama mita moja na nusu."

"Nyuma kuna nini?"

"Ukuta."

"Si ndio mnaobomoa leo? Mimi na ukuta huo hatujawahi kupatana. Kila masika unaniletea maji kitandani."

Sungi akachukua sururu. Alipiga kama mtu wa ofisini, vumbi likajaa, boriti ikalia. Daudi akamnyang'anya sururu. Kwanza akatafuta mti, akausimamisha chini ya boriti kama wafanyavyo shimoni, halafu akamtazama kaka yake.

"Shika."

"Nimeshika."

"Usilegeze."

"Silegezi."

Ni hayo tu waliyosemezana. Dakika ishirini. Tundu likawa pana kama milango miwili. Mwanga ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia, tukaona masizi ya dari yalivyong'aa.

Nikasimamisha kamera nje. Mita nne na robo. Wote wamo. Nikaitega ijipige baada ya sekunde kumi, nikakimbia kupitia tunduni hadi kwenye jiwe la kusagia. Mara ya kwanza nilijikwaa. Mara ya pili Mama alicheka. Mara ya tatu ilitosha.

Saa saba wakaanza kubomoa paa. Daudi aliondoka saa tisa bila kuaga upande wa Sungi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimechapisha. Kijana wa mashine alisema karatasi ya inchi tano kwa saba ni fupi, itabidi akate kidogo kushoto na kulia. Nikakataa. Nimechukua yenye mistari myeupe juu na chini.

Lenzi nimeirudisha Manyoni ndani ya kopo lake.

Sungi alipiga simu kutoka kazini kwake Dodoma. Anataka nakala mbili, yake na ya yule wa Sekenke. Akaniambia nizitume mimi zote mbili. Nimeandika bahasha mbili. Kesho ni siku ya posta.