Jibu Lisilale Mezani

Kilolo

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Sisi tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, na tangu juzi anavuna njegere. Wasalimie wote hapo Ilomba.

Umeniuliza, sasa kwa kuwa maabara yenu imepata mashine inayotambua bakteria wa kwenye damu kwa saa chache, wewe utabaki na kazi gani.

Nilipokuwa fundi maabara kijana Iringa, tuliletewa damu ya mama aliyetoka kujifungua, ana homa kali. Asubuhi ya pili majimaji ya chupa ya kuoteshea vimelea yalikuwa yamepoteza ung’avu, dalili kwamba bakteria wameota. Nilipaka tone kwenye kioo, nikatia rangi, na kwenye darubini nikaona vijiti vyekundu. Dawa aliyokuwa akipewa haikuwa ya bakteria wa namna hiyo.

“Subiri jina kamili la bakteria, litatoka kesho,” mkuu wangu aliniambia.

“Mzee, mgonjwa anazidiwa. Naomba nikamwambie daktari tulichokiona.”

Aliinama, akaangalia kwenye darubini. “Nenda. Lakini sema ulichokiona tu, usikisie.”

Nilikwenda wodini mwenyewe, na daktari akabadilisha dawa palepale. Jina lilipotoka kesho yake, homa ilikuwa imeanza kushuka.

Basi, mwanangu, mashine ikishakupa jina, nyanyuka. Piga simu wodini. Wasipopokea, nenda kwa miguu yako.

Yule mama aliruhusiwa na mwanawe mgongoni. Hakuwahi kuniuliza bakteria yule aliitwaje.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea kila siku.