Mtaro wa Miji Miwili

Umbilo, Durban

Dada yangu Benedicta,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na fundi wa paa amerudi, au bado anapiga kalenda? Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Jana nimepanda na kushuka barabara hii mpaka muuza viazi akaniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Ile kazi niliyokudokezea imepamba moto. Halmashauri za Tunduma na Nakonde zimekubaliana kujenga mtaro mmoja wa maji ya mvua, na ofisi yetu ndiyo inayouchora. Miaka yote kila mji unausukumia mwenzake maji, na wewe hapo Tunduma, jirani na mpaka, unapandisha magodoro juu ya meza kila masika. Safari hii wamekaa pamoja, na njia ya mtaro wakaiafiki upesi mno, watu wanaobishania hata choo cha stendi! Walisema utapita kwenye ule ukanda wa mpakani usio wa nchi yoyote, kwa kuwa hapakai mtu.

Kwenye picha ya angani ni kichaka cha minyaa tu. Minyaa ile tuliipanda mimi na wewe, tulipomzika mama pale alipotaka mwenyewe, ili ndugu wa pande zote mbili wamfikie bila kugongewa mhuri.

Nilimweleza bosi wangu, Aysha, mzaliwa wa hapa. Ni mtu wa haraka, lakini siku hiyo aliweka simu chini, akasema eish, kisha akavuta ramani. Alisema mstari unaweza kusogezwa, ila utakula nyumba ya shangazi Irene na za majirani zake kule Nakonde. Ukibaki, mama ahamishwe. Akanitaka niulize familia kwanza.

Dada, sikuuliza. Nilijua ungekataa, nami ningekusikiliza kama siku zote. Nilimwambia familia imeridhia, na ramani imeshapelekwa. Barua hii nampa dereva wa lori la huko anayepakia hapa Mobeni, maana kwenye simu ningeogopa sauti yako.

Wakija na ramani, usiwafokee wao, nifokee mimi. Nimeomba likizo, nakuja kumtoa mama kwa mikono yangu. Ukinifungia mlango nitalala kwa shangazi, asubuhi nivuke tena nije kubisha. Ila ukanda ule hautakuwepo, na mama sasa lazima awe na upande. Uchague wewe, Tanzania au Zambia. Mimi nimeshindwa.

Wabusu watoto, na umsalimie shangazi ukivuka.

Mdogo wako anayekupenda,
Yeremia