Vidole Vinne Juu ya Tanki

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka upande huu wa uzio wa uwanja wa ndege. Mgongo wako umepoa? Sisi wazima, ukiacha masikio. Nakuandikia kwa sababu simu huku haisikiki.

Nina kipimo changu: nasimama mlango wa jikoni, nanyoosha mkono, nafumba jicho moja. Zamani ndege zilipita vidole vinne juu ya tanki la maji la shule. Sasa ni viwili. Jana shemeji yako kamvunja mteja pua kwa mguu wa mbuzi. Maskini alikuwa anapaza sauti ili asikike, na mume wangu hapigiwi kelele buchani kwake. Anasema ni zile taa zako za uwanjani zinazoziita ndege chini, kama nondo. Nipe jibu nimpelekee.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa, pole kwa pua ya watu. Taa haziiti ndege. Ziko nne kando ya njia ya kutua. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, mteremko wake ni sawa. Nyekundu tupu, yuko chini mno. Nyeupe tupu, yuko juu mno. Zilipoanza ndege za mizigo, wakubwa walitaka mteremko wa kulala ili zitue taratibu, tukaziinamisha taa. Lakini ndege inayolala hivyo hujikokota kwa nguvu ya injini juu ya mapaa yenu, ndiyo hizo kelele. Nimewaomba tuziinue taa kidogo, zirudi zilivyokuwa. Wamekubali, wiki ijayo. Mwambie shemeji awe na subira, kama yeye nayo wanafahamiana.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Safari hii nauliza kwa kutaka jibu. Shemeji yako hakungoja. Jana yeye na wachuuzi wa sokoni walikata uzio, wakamvunja mlinzi taya, wakazitwanga taa kwa kisogo cha shoka. Alirudi anaimba.

Leo ndege imepita kidole kimoja. Upepo wake umeng'oa mabati ya jirani yetu fundi viatu, na bati moja limeondoka na sikio lake. Sasa mtaa mzima unaamini mnalipiza kisasi. Wamekaa penye tundu la uzio na mapanga, wanamsubiri atakayekuja kutengeneza. Nikawaambia huyo ni mdogo wangu. Mume wangu akasema, "Basi aje na sanda yake, asitutie gharama."

Usije.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa dereva wa mikate. Zile taa hazikuvunjika, zimeinamishwa. Zinamwambia rubani aliye chini kwamba yuko sawa. Tumezizima, na wakubwa hawataki kufunga uwanja, kwa hiyo marubani wanakisia. Leo mmoja kayaogopa mapaa yenu, kaja kwa mteremko mkali, akadondoka kama gunia la saruji. Magurudumu yalipasua tumbo la ndege. Tumetoa maiti mbili, na wa tatu hana miguu.

Askari wameahidi kunisindikiza. Wanaahidi tangu asubuhi. Kesho nakwenda, nao au bila wao. Ukiona vidole vinne, ujue nimemaliza.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Hali yako sikuulizi, nimeiona. Juzi ndege ya mchana ilipita vidole vinne. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaungua. Kisha shemeji yako akaingia, shoka mkononi, shati limelowa, na bucha siku hiyo halikufunguliwa.

"Fundi wenu mbishi," akasema. "Sisi tunampiga, yeye anakaza skrubu."

Nikamuuliza kama u hai. Ndege nyingine ikapita juu, kwa upole, hata nikasikia matone yakidondoka sakafuni kutoka kwenye mkono wa shati lake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kelele za kusingizia.

Nilimpiga kwa mchi. Kwanza mkono wa shoka, halafu goti, ili polisi wasipate taabu ya kumkimbiza. Alipiga mayowe. Majirani wote walisikia. Mtaa umetulia siku hizi.

Wauguzi wanasema husikii. Huyu wa zamu nimemwomba akusomee kwa sauti, ingawa hajawahi kuishi chini ya ndege na sauti yake ni ndogo. Mkono wako nimeushika mimi. Ukisikia, sogeza kidole. Sidai vinne.

Dada yako