Matundu Manne Kwenye Waya

Haria, Kisiwa cha Saparua,
9 Oktoba.

Mpendwa Mjomba Elifas,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako unaendeleaje na baridi hiyo ya Rotterdam? Mama goti linamsumbua, ila uji wake wa sagu hakubali kukorogewa na mtu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka.

Boti ya zahanati, ile inayowavusha wagonjwa kwenda hospitali ya Tulehu, ilikuwa ikizimika ovyo tangu Julai. Inazimika, inakaa, inawaka tena kama haijafanya lolote. Fundi wake ni Beni wetu, mtoto wa mama mdogo Orpa. Alibadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha nozeli za kunyunyizia mafuta, akabadilisha hata kompyuta ya injini. Kila mara alisema imepona.

Jumanne iliyopita ikazimika katikati ya bahari, ndani yumo mwalimu Fransina na uchungu wa mimba ya kwanza. Walielea kwa muda wa saa mbili. Alijifungulia sakafuni, mkunga akimkinga mawimbi kwa mgongo wake. Mtoto alitoka kimya, akapuliziwa pumzi mpaka akalia. Wote wako hai, Mungu ashukuriwe.

Kesho yake nikaitwa mimi niitengeneze. Sikushika spana. Nilimwuliza nahodha Tomi, huzimika lini hasa?

"Nikikata kona kushoto, dada. Tena kukiwa na mawimbi."

Basi tatizo si mafuta, huenda ni waya unaovutwa injini ikigeuka. Nikaifunga boti gatini, nikawasha, nikaigeuza injini kushoto huku nikitikisa nyaya, fungu kwa fungu. Nilipofika la nyuma, ikazimika kimya.

Nikabandua utepe uliozungushiwa fungu hilo. Waya ulikuwa na matundu manne ya sindano. Mtu alitoboa ganda lake ili apime umeme, kisha akafunika bila kuziba. Maji ya chumvi yakaingia, shaba ikawa unga wa kijani. Zilibaki nyuzi mbili tu, nazo zikiachana kila injini ikigeuka.

Nikamwita Beni, nikamwonyesha. Akacheka!

"Kila fundi anatoboa, dada. Usijifanye mtakatifu."

"Na pampu mpya iliposhindwa, hukurudi kutazama ulipotoboa?"

"Aa, mtoto si amezaliwa? Unataka nini tena?"

Nilitema mate baharini nikamwacha hapohapo, la sivyo ningempiga. Waya nimeukata na kuunga mpya. Boti haijazimika tena. Lakini Jumapili kanisani Beni akasimamishwa mbele ya waumini, akashukuriwa kwa utumishi wake, Fransina akiwa benchi la mbele na kichanga chake. Nilitoka kabla ya amina.

Sasa nasikia umeombwa umdhamini apate kazi kwenye karakana ya meli huko. Nakusihi, usimwandikie barua ya udhamini. Ndugu wananiambia ninyamaze, eti damu ni nzito kuliko maji. Na ile ya Fransina niliyoisugua mimi kwenye sakafu ya boti ilikuwa nini?

Nisalimie mkeo Mama Hermin na binti yako Nelci. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mlale usingizi mwema.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Marlen