Sheria Niliyoipitisha Mimi

Jumatatu, 5 Mei
Abiria saba kabla ya adhuhuri. Mmoja kasifia breki za pikipiki yangu. Sikumwambia kwamba sina breki.
Mchana kwa dada Amina, wali na kunde. Mumewe, shemeji Yusufu, kaniita Mla Dagaa mbele ya majirani. Nikamwita Mchonga Vinyago. Yeye Mmakonde wa bara, mimi mtu wa pwani, watani tangu babu zetu. Hajawahi kuchonga hata mwiko. Kazi yake kuchimba visima na vyoo.
Bunduki bado ipo chini ya banda la kuku. Tuliikuta mwezi wa kwanza, mimi na yeye, tukichimba choo kipya hapo uani. Imeviringishwa kwenye gunia, kaifukia sijui nani siku zile za vita sote tumekimbia, nasi tukaihamishia bandani. Ukiipeleka, watasema wewe ni mwenzao waasi wa porini. Ukiiacha, ipo siku wataikuta. Dada hajui. Shemeji amekonda. Mimi sijakonda.

Jumanne, 6 Mei
Sekretario wa mtaa kanitafuta mwenyewe! Kesho wanakuja wageni kutoka Pemba, mji wetu wa mkoa, na karatasi za sheria ya kuzuia magendo ya silaha. Wanataka maoni ya watu. Mwalimu anaumwa, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Setima, darasa la saba, sikuimaliza, lakini Kireno nimejifunzia kwa mafundi wa gesi, na kile hakifundishwi darasani. Nimefua shati.

Jumatano, 7 Mei
Leo nimekuwa mtu. Kipaza sauti mkononi. Mgeni anasema sentensi moja, mimi natoa tatu.
Wanaopitisha bunduki mpakani ndani ya magunia ya mchele, jela miaka mingi. Watu wakatazamana. Anayerudisha mwenyewe aliyoiokota, haulizwi kitu. Watu makofi! Nikamwona shemeji nyuma kabisa, kasimama.
Mgeni akaendelea kwa Kireno chake. Haya ni mapendekezo tu, bunge bado, mpaka hapo inatumika sheria ya zamani. Kipande hicho nilikiona kirefu, na makofi yalikuwa hayajaisha. Nikasema, "Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu!"
Bibi Fatu kaniombea dua.

Alhamisi, 8 Mei
Shemeji kanifuata kwa kinyozi. Watu wamejaa.
"Mla Dagaa, sheria yako ishapita au bado inatambaa?"
"Ishapita mbio, Mchonga Vinyago! Inakungoja wewe tu."
Kicheko. Akauliza tena, naye anacheka: "Waapa?"
"Naapa kwa hizo ndevu zako tatu!"
Kinyozi kaangusha mkasi kwa kucheka. Shemeji akaondoka bila kunyolewa. Leo nimemshinda.

Ijumaa, 9 Mei
Dada kaja kijiweni kwetu bila viatu. Shemeji alitoka msikitini, akafukua, akaenda polisi na gunia begani. Mchana kweupe. Njia nzima anasalimia watu.
Wamemtia pingu.
Mimi. Ni mimi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda polisi. Kireno changu chote nikakimwaga. Nikasema nilitafsiri nusu. Nikasema tuliichimbua pamoja. Askari kanitazama shati, kasema rudi nyumbani, kijana, usituongezee kazi. Hiyo sheria bado ni karatasi, kasema. Na aliyekuja na gunia ni mmoja.
Hata jela hawakunitaka.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwambia dada. Choo, kipaza sauti, kinyozi. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Kaniuliza, "Alikuuliza mara ngapi?"
Mara mbili, dada.
Akaendelea kupepeta mchele.
Kwa kinyozi palijaa watu. Shemeji angeuliza vipi kama si kwa utani? Na mimi nilijua anauliza nini. Wallahi nilijua. Yale macho hayakuwa yanacheka. Lakini wale wengine wote walikuwa wanacheka, na kicheko kile kilikuwa changu.

Jumatatu, 19 Mei
Sekretario kaleta habari. Wageni wanarudi, wanataka mkalimani. Nimemwambia Kireno kimekwisha.

Jumapili, 25 Mei
Kesho shemeji anapelekwa Pemba. Wameruhusu chakula. Dada alishakwenda asubuhi. Mchana kanipa sahani nipeleke mimi.
Utani nilikuwa nimeuandaa tangu jana. Nikasema, "Mchonga Vinyago, ugali wa serikali umekunenepesha." Amebaki mifupa.
Akapokea sahani kwa mikono miwili.
"Ahsante, bwana Saidi," akasema. "Mwangalie dada yako."
Miaka sita ya ushemeji, hajawahi kuniita kwa jina langu.
Nimerudi. Nimefukia lile shimo la bunduki. Nimewapa kuku pumba.