Saa ya Rukia mkononi mwa Mwajuma

Jumatano, baada ya isha

Majivuno yangu yameniponza. Nani mwingine hapa Baleni ana binti muuguzi Dar, aliyemvisha mamaye saa ya kupima pumzi, naye anazisoma huko huko kwenye simu yake? Hakuna. Nami sikuchoka kuwaambia.

Jana shoga yangu Mwajuma kaja kuazima bangili za kwendea harusini, kama tunavyoazimana siku zote.

"Na hiyo saa ya mwanao je, shoga? Au inachagua mikono?"

Nikaivua nikampa, watu waione. Kairudisha leo asubuhi.

Mchana Rukia akapiga, sauti imejaa furaha. "Shikamoo mama! Pumzi zako za jana nzuri, kama za msichana! Basi Ijumaa siji tena, ruhusa yangu nitaiweka."

Nikasema alhamdulillahi. Niliona haya kumwambia kuwa saa niliiazimisha. Zile zilikuwa pumzi za Mwajuma. Mapafu yangu ni haya haya yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, na leo nimeswali nimekaa, kusimama kumenishinda.

Namtaka mwanangu. Asubuhi nitampigia nimwambie kweli. Atanigombeza sana, lakini atakuja.