Nyuma ya Ng'ombe wa Watu

Jumatatu, 2 Juni
Bariadi nzima hakuna anayelijua pori kama mimi. Hata askari wa wanyamapori wakikwama wanauliza niko wapi. Leo nimepeleka baiskeli kwa fundi, narudi namkuta mpwa wangu Kabula anapanga begi. Yumo kwenye ule mpango wa tuzo ya vijana. Kafagia zahanati, kafundisha watoto kusoma, sasa imebaki safari ya miguu na kulala porini. Bila hiyo hapati tuzo. Jumamosi wanafanya mazoezi, anatakiwa mtu mzima. Nimejitolea. Nani mwingine? Humu ndani ni yeye tu anayenisikiliza hadi mwisho nikisimulia nilivyomfukuza simba kwa fimbo kule Lalago.

Alhamisi, 5 Juni
Wamepewa ramani na dira. Nimecheka sana. Nimemwambia aviache, mjomba wake kachunga ng'ombe mia nne peke yake kule Lalago. Kaviweka kwenye begi. Sijapenda.

Jumapili, 8 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.
Jana tulikwenda vizuri hadi mashamba ya pamba upande wa Dutwa. Halafu njia ikaisha. Jua linashuka, vijana wananitazama. Nikaona kundi la ng'ombe linarudi, nikasema tulifuate, litatutoa barabarani. Likatufikisha kwenye boma lake. Filimbi zikalia. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatuzunguka, wakanikalisha chini. Mtu mgeni, jioni, nyuma ya ng'ombe wa watu. Mmoja akauliza kama hawa watoto ndio wa kuniswagia ng'ombe wa wizi. Nikaanza habari za simba. Nikaambiwa ninyamaze.
Kabula akapiga goti, akawaamkia kwa Kisukuma, akatoa ramani yake.
"Huyu ni mjomba wangu. Siyo mwizi. Amepotea tu."
Wakatuachia. Wakicheka.
Afadhali angewaacha waamini mimi mwizi. Mwizi wa ng'ombe anaogopwa.
Kurudi, dira mkononi mwake. Mimi kaniweka katikati.

Jumatano, 11 Juni
Kiongozi wao kanipigia simu. Safari yenyewe ataenda mwalimu mmoja wa kike kutoka Binza. Anaogopa hata jogoo, yule. Nikauliza nani kamchagua. Kabula.
Sijala. Dada kauliza kama naumwa. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 21 Juni
Karudi. Miguu malengelenge matupu. Kafaulu. Kanipigia goti kama siku zote, heshima ile ile. Hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 22 Juni
Watoto wamemzunguka uani, anawasimulia fisi alivyopita jirani na hema. Haongezi chumvi. Wamekaa kimya kabisa. Kwangu huwa wanasinzia.
Aliniona dirishani.
"Mjomba, njoo uwaambie ya simba."
Ananihurumia. Nimesema nina usingizi.
Kule Lalago, jioni, ng'ombe ndio waliokuwa wanaijua njia ya nyumbani. Mimi nilikuwa nafuata mikia.